Mashine Iliyotaka Sauti ya Nyumbani

Wewe uliyekunja mdomo kabla hata hujaambiwa kitu, ukunjue. Inajulikana utakachosema: majini ni ya mapangoni na visima vilivyokauka, jini atafuata nini kwenye kompyuta? Nani kakwambia? Ulimuuliza? Jini hukaa alipokaribishwa, na binadamu wa siku hizi hukaribisha chochote ilimradi kiwe cha bei nafuu. Basi kaa kitako, zima hiyo simu, usikie yaliyompata Nesi ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa mkono wa mume wake mwenyewe. Ukimaliza kusikia, kama bado una kicheko kilichobaki, nenda ukakicheke chumbani ukiwa peke yako.

Jambo lilianza kwa kukosekana kikohozi.

Nesi alikuwa mkunga katika zahanati ya mtaa, na jina lake halisi lilishasahauliwa na kila mtu isipokuwa mwajiri. Alikuwa na sauti, huyo! Akimwambia mzazi, "Sukuma, mama, sukuma!" hata wanaume waliokaa nje kwenye benchi hujikuta wamebana pumzi. Mwenyewe alizaa mara moja tu, binti, ambaye kwa maneno yake yasiyokatika mtaa mzima ulimwita Kasuku. Homa ikamchukua Kasuku kabla meno ya utoto hayajamaliza kumng'oka. Aliacha viatu, gauni la njano, na sauti.

Sauti hiyo alijirekodi mwenyewe, siku moja baba yake alipotoka akaacha kompyuta wazi na maikrofoni imechomekwa. Alisimulia hadithi ya kutunga, ya kuku aliyetaka kuvaa viatu. Katikati akakohoa, akajiambia "pole", akaendelea. Mwishoni anasikika Nesi kutoka jikoni akimwita aje kuoga, mtoto anajibu, "Naja, namalizia!" halafu basi, kimya. Nesi aliijua rekodi ile kuliko mtu anavyoujua mlango wa chumba chake gizani. Kila alipotoka kazini, kabla hata ya kuvua viatu, alikaa mbele ya kompyuta katika chumba cha kazi cha mumewe akaisikiliza mpaka mwisho, ndipo aanze kupika na kugombana na watu.

Siku hiyo kuku alifika dukani, akaomba viatu, na Kasuku akajipa pole ya kikohozi ambacho hakikuwepo.

Nesi akarudisha nyuma. Kuku, duka, viatu, "pole". Mahali pa kikohozi palikuwa pameziba vizuri, hakuna mkwaruzo wala mkatiko, kama jino limeng'olewa na fizi ikafunga.

"Baba Kasuku!" aliita. "Hebu njoo!"

Mumewe akaja akiwa na bisibisi sikioni.

"Umeigusa hii sauti ya mtoto?"

"Niiguse niifanye nini?"

"Kikohozi hakipo."

Mume akasikiliza kidogo, kichwa upande, akacheka. "Mke wangu, watu wote wanatafuta dawa kikohozi kiishe. Wewe cha kwako kimeisha unalalamika."

"Sitaniwi mimi."

"Masikio yamechoka. Umeshinda na wazazi wanaopiga kelele tangu asubuhi. Kaoge."

Nesi hakuoga. Alibaki akimtazama mgongo akitoka, kwa sababu mtu yule alikuwa na tabia moja: akisema kweli hukutazama usoni, akikuficha jambo hukutuma kuoga.

Sasa huyu mume. Walimwita Birika, kwa ajili ya mkono wake. Ni mtu aliyenyoosha misumari iliyopinda ili aitumie tena, aliyekata sabuni kwa uzi, aliyezima taa mwenzake akiwa bado anatafuta kandambili sakafuni. Kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi, na humo chumbani alikuwa na kompyuta za mitumba, kila moja imekosa kitu: moja haina mfuniko, nyingine inawashwa kwa kugusanisha nyaya, ile kubwa inapepewa na feni ya mezani. Siku moja ile kubwa ikaungua, ikafa na harusi nzima tumboni. Baba wa bibi harusi alikuja na vijana wake wa shoka kudai video. Birika alipitia dirisha la jikoni, akalala kwa rafiki mpaka hasira zipoe.

Aliporudi aliapa kwamba kila kitu sasa lazima kiwe na nakala, bakapu kwa lugha ya mafundi. Ila diski mpya ghali. Kupakia mtandaoni, kwa mtandao ule wa kuvuta kwa kamba, harusi moja ingefika huko maharusi wameshapata wajukuu. Akahangaika, akaulizia, mpaka dalali mmoja wa vitu vya ofisi zilizofungwa akamtolea mashine ya kanda. Chuma kizito, kreti ya soda inakizidi kidogo tu, na mbele kina mdomo mwembamba wa kumezea kanda. Kanda zenyewe zilikuwa kuukuu, lebo zimebanduliwa kwa kucha.

"Kanda moja hii inameza harusi zote nilizowahi kupiga," Birika alijigamba, akiipangusa mashine kwa fulana yake. "Na nimeipata kwa bei ya kuchekesha."

"Kwa nini wameiuza kwa bei ya kuchekesha?" Nesi aliuliza.

"Kwa sababu hawana akili."

Alipanga utaratibu wake, na utaratibu haukuwa mbaya. Kanda moja inakuwa ndani ya mashine, ya pili kabatini katikati ya nguo zisizovaliwa, ya tatu lazima ilale nje ya nyumba, ili nyumba ikiteketea kazi ibaki. Hiyo ya nje ilikwenda kulala kwa shangazi yake Nesi, ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda. Shangazi alikuwa mwanamke mkavu, hana haya, na watu walimwendea wakisumbuliwa na mashetani. Alipoletewa kanda aliipindua akasema, "Nimelaza wagonjwa humu, nimelaza wanaume waliofukuzwa na wake zao. Leo nalaza plastiki." Akaitia koponi.

Hiyo kanda iliandikwa mwanzo kabisa. Kasuku alikuwemo, na kikohozi chake.

Baada ya kile kikohozi, likaondoka jina la kuku. Kasuku alikuwa amempa kuku jina refu la kuchekesha. Sasa alipofika hapo alifungua mdomo, kwa vile pumzi ilisikika ikivutwa, halafu pakapita upepo. Mara nyingine Nesi alipoisikiliza, kicheko kimekwenda. Kisha duka lenyewe. Hadithi ikawa inaruka mashimo, na pale kwenye mashimo, ukitega sikio, kulikuwa na mlio mdogo wa kunyonya, kama mtu anayefyonza uboho kwenye mfupa na hataki kusikika na wenzake mezani.

Chumba nacho kikaanza kunuka. Si vumbi wala waya ulioungua, harufu hizo walishazizoea. Ilinuka nywele mbichi zilizopitiwa na moto. Nesi alifungua madirisha, akasugua sakafu, akatoa mapazia akayafua. Harufu ikahamia kabatini, kwenye nguo, ikakaa kwenye gauni la njano.

"Hii mashine yako inanuka," alimwambia mumewe wakati wa kula.

"Ni mafuta ya mota."

"Mafuta ya mota yananuka nywele?"

"Wewe ulishawahi kunusa mota ngapi?" Birika akasema, huku akikusanya punje za wali zilizobaki kwenye sahani. "Wanawake bwana. Mashine inafanya kazi haijakosea hata siku moja, nyinyi mnainusa."

Jioni moja, mwanga ukiwa bado haujaisha nje, umeme ukakatika. Mtaa mzima ukaguna kama kawaida, redio zikanyamaza, majokofu yakanyamaza, na Birika alikuwa hayupo, amekwenda kupeleka video. Nesi alikuwa sebuleni akitafuta kiberiti. Akasikia mashine ya kanda inazunguka.

Akadhani ni ya jirani, halafu akajiuliza ni jirani gani ana mashine kama ile, halafu akakumbuka kwamba umeme haupo, akasimama na kiberiti mkononi hajakiwasha, akasikiliza ule mzunguko unavyokwenda na kurudi, polepole, kama mtu anayebembeleza mtoto kwa kiti cha bembea, akasogea mpaka kwenye mlango wa chumba cha kazi akaona kompyuta zote zimezimika, feni imesimama, waya wa mashine umechomolewa na umelala sakafuni na meno yake wazi, na bado ile taa ndogo ya kijani iliyo juu ya mdomo wa mashine inapepesa, inapepesa, na ile harufu ya nywele imejaa mpaka machozi yanamtoka, na kutoka ndani ya kile chuma, chini sana, kama kutoka kisimani, akakisikia kikohozi alichokuwa akikitafuta, kikohozi chenyewe, hakuna kingine duniani kilichofanana nacho, na baada ya kikohozi sauti ya mwanawe ikasema neno ambalo Kasuku hakuwahi kulirekodi.

"Nipe tena."

Kiberiti kikamponyoka. Alitoka nje mbio, akaketi kwenye ngazi, kanga mdomoni, mpaka mumewe aliporudi.

"Mtoto yumo kwenye mashine," alimnong'oneza. "Baba Kasuku, mtoto yumo mle ndani, na anaongea."

Birika hakucheka safari hii. Alitazama mlango, akatazama viatu vyake. "Ulikuwa umelala ukaota."

"Nirudishie sauti ya mtoto kutoka kwenye kanda. Sasa hivi. Si ndiyo kazi ya hiyo bakapu? Kilichopotea kinarudishwa. Rudisha."

"Kurudisha si kama kumimina maji. Kuna hatari. Unaweza kuharibu vyote."

"Ulishawahi kurudisha chochote tangu uilete?"

Birika akaanza kuvua viatu. "Haijatokea haja."

"Yaani unaweka tu? Hujawahi kuangalia kama kilichoingia ndicho kitakachotoka?"

"Kaoge, upumzike," alisema Birika, na Nesi akajua pa kwenda kukipambazuka.

Asubuhi hakwenda kazini. Alikwenda kwa shangazi yake, akaingia bila kubisha, akapiga magoti akavuta kopo la biskuti kutoka chini ya kitanda. Kopo lilikuwa jepesi. Ndani mlikuwa na vifungo, sindano, na gamba la kanda. Kanda yenyewe hakuna.

"Shangazi, kanda iko wapi?"

"Ile plastiki? Si mumeo aliichukua. Siku nyingi. Alisema umemtuma wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Alisema, 'Nesi anasema anaitaka.' Nikamwambia chukua, inanipunguzia nafasi ya vifungo." Shangazi akamtazama vizuri. "Mwanangu, mbona umekuwa rangi ya majivu? Kaa. Sema."

Nesi akasema. Alipofika kwenye "nipe tena", Shangazi aliacha kutafuna alichokuwa akitafuna. Alipofika kwenye harufu ya nywele, Shangazi alikuwa ameshafunga kilemba.

"Jini la namna hii haliingii kwa dirisha," alisema wakiwa njiani, kwa sauti ya chini ili wapita njia wasisikie. "Linapewa. Mtu akilipa, linakaa kihalali, kama mpangaji. Na utakalolisikia leo, mwanangu, usilijibu. Hata likilia. Hata likikuita mama."

Walimkuta Birika mezani anaunganisha video. Alipomwona Shangazi na mfuko wake wa chumvi, bisibisi ilimtoka sikioni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Funga madirisha."

"Shangazi, hizi ni kazi za watu, chumvi na kompyuta..."

"Funga madirisha kabla sijakufunga wewe."

Akafunga. Ilikuwa mchana, jua kali bati linalia juu, lakini chumba kilipofungwa kikawa na baridi ya ghala. Shangazi akazungusha chumvi sakafuni kuizingira mashine, akaketi kwenye kigoda mbele ya ule mdomo mwembamba, akasoma anayoyajua yeye, kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kwanza hakuna kitu. Kisha taa ya kijani ikapepesa. Mashine ikazunguka, ikarudi, ikazunguka.

"Nani wewe?" Shangazi akauliza.

"Kasuku," ikasema sauti ya mtoto.

Nesi akauma kanga.

"Usinichezee. Kasuku nilimwosha kwa mikono yangu. Nani wewe, na umeingiaje humu?"

Pakapita ile milio ya kufyonza. Sauti ilipotoka tena ilikuwa bado ya mtoto, ile ile, yenye pengo la meno, lakini maneno yalikuwa ya mtu mzima aliyechoka na maswali. "Sikuingia. Nilitiwa. Huko nilikokuwa nilipewa sauti za watu wa ofisi mpaka zikaisha. Hapa nimepewa hii. Tamu. Imebaki kidogo."

"Nani aliyekupa?"

"Ndiye huyo hapo mlangoni."

Birika alikuwa kweli mlangoni, mkono tayari kwenye kitasa. Wanawake wawili wakageuza vichwa.

"Mashine ilikuwa inakataa," alisema haraka haraka, kwa kunong'ona, kama vile akinong'ona haitakuwa kweli sana. "Kila nikiandika inatema kanda. Kila nikiandika inatema. Nikarudi kwa dalali. Akaniambia hata ilikotoka ilikuwa hivyo, inataka sauti moja ya nyumbani, ya damu. Ikishaionja haikatai tena. Nikaona ni mzaha, nikajaribu. Na kweli, haikukataa tena!"

"Ukaipa sauti ya mwanangu," Nesi alisema.

"Mwanetu."

"Ukaipa sauti ya mwanangu!"

"Ningeipa nini? Zote nyingine zilikuwa kazi za watu. Hiyo ndiyo peke yake ilikuwa haina mteja."

Hata Shangazi, ambaye ameyasikia mengi, alifumba macho kidogo.

"Na ile iliyolala kwangu?" aliuliza.

"Kanda zilikuwa chache, Shangazi. Zile mbili nyingine zilishakatika, hiyo nikaandika harusi juu yake, ndiyo imo mashineni sasa. Mtu ataachaje kanda nzima imelala bure kwenye kopo la vifungo?"

Nesi hakulia. Alivuta kiti akakaa, mikono magotini, kama wanavyokaa ndugu za mgonjwa pale zahanati wanapongoja kuambiwa. Miezi yote ile alikuwa akija, hajavua hata viatu, anakaa kwenye kiti hiki hiki, na huyu mtu yuko nyuma yake anakaza skrubu, anajua.

"Anatokaje?" akamuuliza Shangazi.

"Aliyempa ndiye amnyime. Aitoe hiyo kanda, auvute ukanda wake wote kwa mkono wake mwenyewe mpaka utumbo wa mwisho, auchome. Jini akikosa pa kulala ataondoka. Mimi au wewe tukiuvuta ni kazi bure, si sisi tuliomkaribisha."

"Na sauti ya mtoto?"

"Iliyobaki itakwenda. Sitakudanganya. Lakini itakwenda kwa mwenyewe, haitabaki kwenye meno ya huyu."

Mashine ilizunguka polepole. Nesi akainuka kitini. Kisha akasema, "Vuta, Baba Kasuku."

Birika hakusogea.

"Vuta nimekwambia."

"Harusi zote zimo humo."

"Si ziko kwenye kompyuta? Hiyo si nakala?"

Birika akapangusa kioo cha kompyuta kwa fulana. Feni ya mezani ikapiga kelele.

"Nilihitaji nafasi," Birika akasema. "Diski zilijaa. Nikaona kwa kuwa ziko kwenye kanda, za kwenye kompyuta za nini..."

"Ngoja," akasema Shangazi. "Yaani umenakili, halafu ukafuta ulichokinakili?" Akacheka, kicheko kikavu kisicho na furaha. "Basi bakapu hiyo ni ya nini, baba? Ni sawa na kununua akiba ya chumvi ukamwaga iliyo jikoni!"

Birika akapiga magoti mbele ya mkewe. Mtu mzima, magoti kwenye chumvi. Akaomba mpaka kesho tu, aziokoe harusi za wateja, azihamishie kokote, kisha auvute ukanda mpaka mwisho, wamtazame. Akaapa kwa kaburi la Kasuku.

Shangazi alisema palepale, "Usimpe." Lakini Nesi alikuwa amelala ubavuni mwa mtu huyo tangu ujana, na kaburi alilolitaja walilichimbisha pamoja. Akampa mpaka kesho.

Kesho yake aliamka na mkwaruzo kooni. Akadhani ni ile chumvi, au kulia kulikogoma kutoka. Zahanatini alianza kuita wagonjwa, jina la kwanza likatoka limepasuka, la pili likatoka nusu. Mhudumu mwenzake akamtania, "Leo Nesi umemeza pamba?" Akacheka, na kicheko hakikusikika. Kabla ya mchana akawa na mzazi kitandani, binti mdogo, mimba ya kwanza, amemshika mkono anamtazama mdomo akingoja kuambiwa. Nesi akafungua kinywa kusema sukuma. Kilichotoka ni upepo. Yule binti akamtazama, akamtazama, akaanza kupiga mayowe ya hofu, mpaka mwenzake akaja akamsogeza Nesi pembeni akamalizia kazi.

Hapo Nesi akajua. Koo halikuwa na ugonjwa. Mkunga anajua koo gonjwa. Alivua aproni akaiacha kwenye kiti, akatembea kwenda nyumbani, kwanza haraka, halafu polepole, kwa sababu alipofika kwenye kona ya mtaa wake alisikia mtu anacheka kwa nguvu kutoka nyumbani kwake, kicheko kikubwa cha mwanamke anayejua kuchekesha wodi nzima, na jirani aliyekuwa anafagia akamwona Nesi njiani, akatazama dirishani kwa Nesi kinakotoka kicheko, akatazama tena njiani, akaacha ufagio palepale akaingia ndani kwake na kufunga komeo.

Birika alikuwa katika chumba cha kazi, amekaa mbele ya mashine, uso umechangamka kama aliyepewa zawadi. Ukanda haujavutwa. Haukuguswa.

"Mke wangu! Umewahi! Njoo, njoo ukae. Nimekufanyia jambo." Akamvuta mpaka kwenye kiti. "Sikuchoma kitu. Nimezungumza naye. Mashangazi wanapenda kutisha watu. Huyu ukimsikiliza anaelewana. Nimemwambia anirudishie mtoto, yote, achukue kingine. Na kakubali! Sikiliza."

Akabonyeza.

Kuku akatoka nyumbani kwenda dukani. Jina lake refu la kuchekesha lilikuwepo. Duka lilikuwepo. Kikohozi, "pole", kicheko, vyote, kila kimoja mahali pake, na Nesi machozi yakaanza kumtoka yenyewe, akainua mkono kama vile anaweza kuigusa ile sauti shavuni.

"Umeona?" Birika akasema. "Mzima! Na haikugharimu kitu. Nilimpa zile jumbe zako za sauti za kwenye simu. Nilikuwa nazo nyingi. Wewe si upo, utatuma nyingine."

Nesi akamgeukia. Akafungua kinywa. Hata upepo haukutoka.

Hadithi ikafika mwisho, pale jikoni panapoita. Nesi akaisikia sauti yake mwenyewe ikimwita mtoto aje kuoga. Akamsikia Kasuku: "Naja, namalizia!" Hapo ndipo rekodi huisha. Hapo ndipo iliishia tangu siku ilipofanywa, na hakuna aliyejua hivyo isipokuwa Nesi, kwa kuwa Birika hakuwahi hata siku moja kuisikiliza mpaka mwisho.

Haikuisha.

"Baba," ile sauti ndogo ikaendelea, imetulia, imeshiba, "mama naye ameingia. Huku sasa tuko wengi. Tupe tena."

Birika alitabasamu, anaitikia kwa kichwa, kama mzazi yeyote anayefurahia mtoto wake anavyojua kuongea. Hakuona kitu. Hakuwa na kitu cha kulinganisha nacho.

Nesi alitazama mashine. Angeweza kuivuta kanda ile akaichana kwa meno. Lakini mkono uliotakiwa haukuwa wake, na mwenye mkono amekaa pale, amekunja vidole juu ya paja, ameridhika. Akainuka. Akaingia chumbani akatoka na viatu vya mtoto na gauni la njano chini ya kwapa. Birika ndipo akashtuka.

"Unakwenda wapi? Nesi! Si nimekurudishia? Basi nimekosa, nimekosa, sema kitu. Nitukane basi!" Akamfuata mpaka sebuleni, akasimama, mikono imening'inia. "Mke wangu, hata kunisamehe hutanisamehe?"

Na kutoka chumba cha kazi, ile sauti kubwa iliyozalisha nusu ya watoto wa mtaa ule ikamjibu kwa upole ambao Nesi hakuwahi kuwa nao hata siku ya harusi yake:

"Nimekusamehe, mume wangu. Njoo tuongee."

Birika akashusha pumzi. Mabega yake yakalegea, rangi ikamrudia usoni, akageuka kuelekea ilikotoka sauti, akimpa mkewe mgongo.

Nesi akatoka nje, akaufunga mlango.